Mtoto na Wenzake

Kila darasa lina madaftari mawili. La kwanza hukaa juu ya meza ya mwalimu, nawe unalijua vyema, msomaji, kwa maana jina lako limo: huitwa asubuhi, nawe huitika. Humo mmeandikwa waliohudhuria na waliokosa, waliofaulu na walioshindwa. La pili halina jalada wala halikuandikwa kwa wino. Humo mna habari za nani ampendaye nani, nani huachwa peke yake katika dawati hata wakati nafasi ni haba, nani hugombewa na wote timu zinapochaguliwa, na nani husalia wa mwisho akitazama vidole vya miguu yake. Daftari hilo huandikwa na watoto wenyewe kila siku, na wote hulisoma bila kufundishwa. Mwalimu hodari aweza kukaa na darasa mwaka mzima asione ukurasa wake hata mmoja.

Nataka kukusimulia jinsi watu wazima walivyojifunza, polepole na kwa kusitasita, kwamba daftari hilo la pili lipo, na kwamba afya ya akili ya mtoto imeandikwa humo zaidi ya walivyodhani. Ni habari ya miaka mia moja hivi. Sehemu yake kubwa ilitendeka Marekani na katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, na kipande chake cha karibuni kimetendeka kwetu Kenya.

Mnamo mwaka 1908 Mmarekani mmoja, Clifford Beers, alichapisha kitabu kilichoeleza mateso aliyoyapata katika hospitali za wagonjwa wa akili, ambamo yeye mwenyewe alikuwa amelazwa. Waliokisoma walishtuka. Mwaka uliofuata ikaundwa kamati ya taifa ya kueneza kile walichokiita usafi wa akili. Jina hilo lilifuata mfano wa usafi wa mwili. Kama vile mtu anawavyo mikono ili asipatwe na maradhi ya tumbo, ndivyo, walisema, akili nayo yapasa kulindwa kabla haijaugua. Na ikiwa ni ya kulindwa, basi ilindwe mapema. Wapi basi watapatikana watoto wote kwa pamoja, matajiri kwa maskini, wazima kwa wagonjwa? Jibu lilikuwa wazi. Katika miaka ya 1920 zahanati za kuwashauri watoto na wazazi zilifunguliwa katika miji kadhaa ya Marekani, na shule zikaombwa kuwapeleka huko watoto wenye matatizo.

Hapo ndipo shida ya kwanza ilipotokea. Mtoto mwenye matatizo ni yupi?

Mwaka 1928 mchunguzi aitwaye E. K. Wickman alitoa kitabu juu ya swali hilo. Aliwaomba walimu wapime uzito wa makosa na tabia mbalimbali za wanafunzi. Kisha akawaomba wataalamu wa afya ya akili wapime tabia zizo hizo. Walimu walitaja wizi, utundu wa mwili, uongo na ukaidi kuwa ndiyo mabaya makubwa. Wataalamu walitaja mambo mengine kabisa: mtoto asiyechangamana na wenzake, mwenye shaka na kila mtu, mwenye huzuni, mwenye woga, ajitengaye. Orodha hizo mbili zilipowekwa pamoja, zilikuwa kama zimeandikwa na watu wa sayari mbili.

Usimcheke mwalimu. Mtu aliyepewa watoto arobaini na saa chache za kuwafundisha hesabu, lazima amwone kwanza yule avurugaye somo. Mtoto mnyamaza humpa mwalimu raha. Kwa nini amshitaki kwa tabibu? Wala wale wataalamu hawakuwa maasumu. Ukimya si ugonjwa, na wako watu wengi wanyamavu waliokuwa na akili timamu mpaka uzeeni. Lakini pande zote mbili zilikuwa na upungufu mmoja uliofanana: mabishano yalikuwa baina ya wakubwa na wakubwa. Watoto walizungumzwa kama vile mkulima azungumzavyo mahindi yake, ambayo hayaulizwi kitu.

Aliyewauliza alikuwa tabibu Jacob Moreno, mzaliwa wa Bucharest, aliyesoma udaktari Vienna na kuhamia Marekani mwaka 1925. Katika mji wa Hudson, Jimbo la New York, palikuwa na shule ya serikali ya wasichana waliopatikana na makosa. Walikaa katika nyumba nyingi zilizotawanyika ndani ya ua mmoja mpana. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1932, kwa muda wa majuma mawili tu, wasichana 14 walitoroka. Kiasi hicho kilikuwa mara 30 ya kawaida ya shule ile.

Fikiri wewe ungekuwa mkuu wa shule hiyo. Ungefanya nini? Yamkini ungefungua majalada ya wale 14 utafute ubaya wao: huyu alizaliwa katika ulevi, huyu hana baba, huyu hakuwa mtiifu tangu mwanzo. Moreno alikuwa na karatasi za namna nyingine. Yeye na msaidizi wake Helen Jennings walikuwa wamemwuliza kila msichana maswali mepesi: ungependa kukaa nyumba moja na nani? Na nani usingependa kukaa naye? Majibu wakayageuza kuwa ramani. Kila msichana akawa kiduara. Palipo na upendo pakachorwa mstari wa rangi moja, na palipo na chuki mstari wa rangi nyingine. Ramani hizo zilipotazamwa, ilionekana kwamba watoro hawakuwa 14 waliotawanyika ovyo. Nyuzi za urafiki ziliwaunganisha, kutoka nyumba hii hadi ile, na wazo la kutoroka lilikuwa limepita katika nyuzi hizo kama maji yapitavyo katika mfereji. Moreno alishikilia kwamba huenda baadhi yao wenyewe hawakujua kilichowasukuma.

Kwa watu wa siku zile hilo lilikuwa jambo geni. Walizoea kuamini kwamba sababu ya tendo la mtu imo ndani ya mtu huyo, kama kokwa ndani ya embe. Moreno aliwaambia kuwa sababu yaweza kuwa nje, katika nafasi aliyonayo miongoni mwa wenzake. Alipozionyesha ramani zake mjini New York mwezi wa Aprili 1933, magazeti yaliziandika kwa mshangao, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake kikubwa.

Katika shule moja ya msingi huko Brooklyn alifanya uchunguzi wa aina iyo hiyo, tangu watoto wadogo kabisa hadi darasa la nane. Wengine walichaguliwa na wengi, naye akawaita nyota. Wengine hawakuchaguliwa na hata mmoja; katika ramani walikuwa viduara vilivyosimama peke yao pembeni, bila mstari unaowaelekea. Kisha akawaomba walimu wabashiri nani atakayekuwa nyota na nani atakayeachwa. Kadiri darasa lilivyopanda ndivyo makisio ya walimu yalivyozidi kukosea. Watoto wanapokua, daftari lao huwa gumu zaidi kusomeka kwa mkubwa.

Napenda kutua hapa kidogo, kwa sababu jambo hili si la kupokewa kwa furaha tupu. Kumwuliza mtoto, "Nani humpendi?" ni kumpa kisu mkononi. Hata akiandika kwa siri, swali lenyewe laweza kumfundisha kwamba kutompenda mtu ni jambo la kupangwa na kuhesabiwa. Wachunguzi wa baadaye wamebishana sana juu yake. Wengine huuliza juu ya marafiki tu, wala hawaulizi juu ya wachukiwao, ijapokuwa hivyo hupoteza nusu ya habari. Mimi nawaunga mkono hao katika shughuli za kila siku za shule. Hata hivyo ni lazima nikubali kwamba uchunguzi nitakaoueleza sasa, ambao ndio moyo wa habari hii yote, haungefaulu bila swali lile baya.

Mwaka 1957, katika mji wa Rochester, Jimbo lile lile la New York, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Emory Cowen alianza kazi katika shule ya msingi. Walimu walikuwa wamemletea malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba watoto wachache huwamalizia nguvu na wakati ambao ungewafaa wote. La pili ni kwamba mtoto hupelekwa kwa tabibu amekwisha kuwa mkubwa, ilhali ukiyafungua majalada yake ya zamani utakuta dalili zote zilionekana tangu darasa la kwanza, na hakuna aliyefanya kitu. Cowen na wenzake wakaamua kuanzia darasa la kwanza. Walizungumza na mama wa kila mtoto, wakawapima watoto, wakawatazama darasani, wakawasikiliza walimu. Kisha wakawagawa watoto mafungu mawili. Wale walioonekana wana matatizo au watakuwa nayo, kama theluthi moja yao, walipewa katika kumbukumbu za wachunguzi jina la "alama nyekundu". Waliobaki hawakuwa na alama.

Jina hilo halinipendezi, na sidhani litakupendeza. Mtoto wa miaka sita hastahili alama, iwe nyekundu au ya rangi nyingine yoyote. Lakini wachunguzi walikuwa waangalifu kiasi cha kutaka kujua kama alama zao zilikuwa za kweli, na kwa ajili hiyo waliendelea kuwafuata watoto hao. Walipofika darasa la tatu walipimwa kwa njia nyingi: alama za masomo, siku za kukosa shule, vipimo vya wasiwasi, maoni ya walimu, maoni ya watoto wenyewe juu ya nafsi zao. Na pamoja na hayo walipewa mchezo.

Waliambiwa hivi: tuseme darasa lenu litaigiza mchezo wa kuigiza. Mchezo una watu wa kila namna. Yumo rafiki wa kweli. Yumo bwana mkubwa, katili, asiye na huruma. Yumo mwoga anayefanya kama mtoto mchanga. Nani katika darasa hili afaa kuwa nani? Nusu ya nafasi zilikuwa za watu wema na nusu za watu wasiopendeza. Watoto waliandika majina, karatasi zikakusanywa, na mchezo wenyewe haukuigizwa kamwe. Haikuwa nia uigizwe.

Miaka ikapita. Watoto wale wakawa vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja. Sasa yatupasa kujua kwamba wilaya ya Monroe, ambamo mji wa Rochester umo, ilikuwa na jambo ambalo lilikuwa adimu duniani. Tangu mwaka 1960 iliweka daftari la watu wote waliotibiwa maradhi ya akili katika hospitali, zahanati na hata kwa matabibu wengi wa binafsi. Miaka 11 hadi 13 baada ya vile vipimo vya utotoni, Cowen na wenzake walilichukua daftari hilo na kutafuta humo majina ya wanafunzi wao wa zamani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973.

Wenye alama nyekundu walikuwa wengi humo kuliko ilivyotazamiwa, kwa hiyo wataalamu hawakuwa wamebahatisha. Bali walipouliza ni kipimo kipi kati ya vile vyote vya darasa la tatu kilichowatofautisha vizuri zaidi vijana waliomo daftarini na wenzao wasiokuwamo, halikuwa neno la mwalimu. Hazikuwa alama za masomo, wala kipimo cha wasiwasi, wala maneno ya mtoto juu ya nafsi yake. Kilikuwa ule mchezo. Watoto wa miaka minane au tisa, kwa kugawa nafasi katika mchezo ambao hautaigizwa, walikuwa wamekaribia kujua jambo ambalo wazazi, walimu na wenye shahada hawakulijua kwa uhakika kama huo.

Waliwezaje? Yako maelezo mawili, na ni vyema uyapime mwenyewe. La kwanza ni kwamba watoto wako pamoja saa zote. Mwalimu humwona mwanafunzi akiwa ameketi na kutazama ubao. Wenzake humwona uwanjani, njiani, wakati wa chakula, akishinda, akishindwa, akipokonywa kitu, akiomba kuingizwa mchezoni. Tena mwalimu ni shahidi mmoja, nao ni mashahidi thelathini. La pili ni chungu zaidi. Huenda watoto hawakubashiri tu, bali walishiriki. Mtoto ambaye kila siku anapewa nafasi ya mtu mbaya, mwishowe huichukua. Akikaribia, wenzake husogea, akisema, huchekwa, kesho yake hasemi, na kesho kutwa hakaribii. Ikiwa ndivyo, basi daftari lile la pili halikuwa kumbukumbu tu ya ugonjwa, lilikuwa mojawapo ya visababishi vyake. Uchunguzi wa Rochester haukuweza kuyatenganisha maelezo hayo mawili, na mimi naona yote mawili yana ukweli ndani yake.

Angalia lakini usikosee. Habari hii ni ya wengi kwa jumla, si hukumu ya mtu mmoja. Wako watoto waliopewa nafasi mbaya katika mchezo ule ambao majina yao hayakuonekana kamwe katika daftari la wilaya, na wako waliopewa nafasi nzuri wakaonekana. Ukimtazama mwenzako wa dawati la nyuma na kusema, "Huyu ameandikiwa," utakuwa umelifanya lile lile ambalo huenda ndilo lililowadhuru wale wa Rochester.

Na tiba? Matabibu walikuwa wachache mno kwa watoto wote hao. Tangu mwaka 1963 Cowen alichagua njia ambayo wakati ule iliwashangaza wataalamu wengi. Aliajiri wanawake wa kawaida wa mji ule, wengi wao mama wa nyumbani wasio na shahada yoyote ya elimu ya nafsi, wenye upole na uzoefu wa kulea. Walifundishwa kwa muda mfupi na kusimamiwa na wenye ujuzi. Kila mmoja alikutana na watoto wake katika chumba cha michezo, mmoja mmoja, wakichora, wakicheza na kuzungumza. Mpango huo ulienea katika shule nyingi za Marekani, nao uliwasaidia watoto wengi kupata nafuu.

Hata hivyo ulikuwa na upungufu ambao bila shaka wewe umekwisha kuuona. Mtoto alitolewa darasani, akapelekwa katika chumba chenye wema, kisha akarudishwa katika darasa lile lile, kwa watu wale wale, wenye daftari lile lile. Yeye alitibiwa, darasa halikutibiwa.

Kulitibu darasa ni kazi iliyoanzia Skandinavia. Mwaka 1969 tabibu mmoja wa Sweden, Peter-Paul Heinemann, aliandika juu ya watoto wanaomshambulia mwenzao mmoja kwa kundi, akatumia neno ambalo wataalamu wa wanyama walilitumia kwa kundi la ndege linalomfukuza adui. Dan Olweus, Mswedi aliyehamia Bergen nchini Norway, alianza miaka hiyo hiyo ya 1970 kuuchunguza uonevu huo kwa hesabu. Alipingana na picha ya kundi la ndege. Mara nyingi, alisema, mwonevu ni mmoja au wawili, wenye nguvu kuliko mwonewa, nao hurudia tendo lao siku baada ya siku. Miaka kumi hivi maneno yake yalisomwa na wataalamu tu. Kisha mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa Norway, wenye umri kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na yaelekea sababu ilikuwa kuonewa vikali na wenzao. Nchi nzima ilihuzunika. Mwaka 1983 serikali ilianzisha kampeni katika shule zote.

Olweus aliifuata kampeni hiyo katika shule 42 za Bergen, zenye wanafunzi wapatao 2,500. Kanuni zake hazikuwa za ajabu: wakubwa wawepo uwanjani wakati wa mapumziko, darasa lijiwekee sheria dhidi ya uonevu, mikutano ya darasa ifanywe mara kwa mara, mwonevu, mwonewa na wazazi wao wakabiliwe na kuzungumzwa nao. Baada ya miezi 20 uonevu ulikuwa umepungua karibu kwa nusu. Mahali pengine nchini Norway, ambapo shule zilipokea vitabu vya kampeni bila kusaidiwa sana kuvitumia, matokeo hayakuwa mazuri hivyo. Kitabu kilichomo kabatini hakimlindi mtu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya Christina Salmivalli wa mji wa Turku, Finland. Mwaka 1996 yeye na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa wanafunzi 573 wa darasa la sita. Hawakuuliza tu nani mwonevu na nani mwonewa. Waliuliza wengine wote hufanya nini wakati huo. Ikaonekana kwamba karibu kila mtoto ana nafasi yake. Wako wasaidizi wanaomshika mwonewa. Wako washangiliaji, mmoja hivi katika kila watano, ambao hawagusi mtu ila hucheka na kuja kutazama. Karibu robo hujitenga, wakijifanya hawaoni. Na wako watetezi, kama 17 katika kila 100. Mwonevu, basi, ni mwigizaji mwenye hadhara, na hadhara hiyo ndiyo impayo malipo yake. Nguvu ya mwonevu ni ngumu kuondoa. Kicheko cha mtazamaji chaweza kuondolewa.

Juu ya msingi huo Finland ilijenga mpango uitwao KiVa, jina ambalo kwa Kifini huonyesha "dhidi ya uonevu" na papo hapo humaanisha "kitu kizuri". Ulijaribiwa kati ya miaka 2007 na 2009 kwa kulinganisha shule zilizoutumia na shule ambazo hazijautumia. Mbali na masomo ya darasa zima, mwalimu huwaita faraghani wanafunzi wachache wanaopendwa na wenzao, zile nyota za Moreno, akawaomba wawe karibu na mwonewa. Uonevu ulipungua, ukaenea mpango huo katika shule nyingi za nchi hiyo.

Lakini baadaye wachunguzi waliona jambo ambalo hawakulitazamia. Katika madarasa ambamo uonevu umepungua sana, yule mmoja au wawili wanaoendelea kuonewa huwa na hali mbaya zaidi ya moyo kuliko waonewa wa madarasa yenye uonevu mwingi. Sababu si vigumu kuielewa. Mtu anayenyeshewa pamoja na wengine huilaumu mvua. Mtu anayelowa peke yake, wenzake wakiwa wakavu, huanza kujiuliza ana kasoro gani. Hivyo mafanikio ya wengi yaliuzidisha upweke wa wachache, na dawa ya jambo hilo bado yatafutwa.

Turudi kwetu. Huhitaji kuelezwa uonevu wa shule za bweni. Mwanafunzi mpya huitwa "mono" kabla hajapata kufungua sanduku lake, na wako wazee wanaoyakumbuka mateso ya kidato cha kwanza kuliko masomo yake. Serikali haikunyamaza kabisa. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu iliunda kitengo cha uelekezaji na ushauri, na mwaka 2001 kiboko kilipigwa marufuku shuleni. Lakini mwalimu wa ushauri nasaha kwa kawaida ni mwalimu yule yule wa Historia au Baiolojia aliyeongezewa kazi, na mlango wake una aibu: atakayeonekana akiingia ataulizwa ana nini. Jina la Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, limekuwa tusi vinywani mwa watoto ambao hawajapata kuiona.

Vijana waliobuni mpango wa Shamiri waliijua aibu hiyo, maana walitoka humo humo. Kiongozi wao, Tom Osborn, ni Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard. Jina hilo halihitaji tafsiri kwako: mmea ukishamiri umestawi. Wanafunzi hukutana kwa makundi madogo mara nne, kama saa moja kila mara. Hawaambiwi kwamba ni wagonjwa, wala magonjwa hayatajwi. Huzungumza jinsi mtu awezavyo kubadilika na kukua, mambo wanayoyashukuru, na mambo wanayoyathamini maishani. Waongozaji si matabibu wala walimu, bali ni vijana waliomaliza shule ya upili si zamani. Utaukumbuka hapa uamuzi wa Cowen wa mwaka 1963, ila tofauti ni kubwa: mama wa Rochester alikaa na mtoto mmoja chumbani, na kijana wa Kenya hukaa na kundi zima, wanafunzi wakisikilizana.

Jaribio la kwanza lilifanywa katika shule moja ya upili huko Kibera, kwa wanafunzi 51 wenye dalili za sonona au wasiwasi. La pili lilikuwa kubwa zaidi: wanafunzi 413 wa shule nne za Nairobi na Kiambu, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Kila mara wanafunzi waligawanywa kwa kura. Nusu walipata mafunzo ya Shamiri, na nusu walifundishwa mbinu za kusoma, kwa muda ule ule na kwa idadi ile ile ya mikutano. Dalili zilipungua zaidi kwa wale wa Shamiri. Huko Kibera alama zao za masomo nazo zilipanda, na walisema kwamba sasa wanaungwa mkono na marafiki kuliko mwanzo.

Lakini wale wa kundi la pili, waliofundishwa mbinu za kusoma tu, nao walipata nafuu, ijapokuwa ndogo. Hakuna aliyewauliza habari za mioyo yao. Walikuwa wamekaa pamoja na wenzao wachache na kijana mmoja aliyewatangulia kidogo kwa umri, wakazungumza jinsi ya kuandika muhtasari na kupanga saa za kudurusu.